Maziwa ya Pikipiki ya Shemeji

Jumatatu, 13 Februari 1984
Karatu. Mama Hyasinta amesema tena, mbele ya majirani, kwamba binti yake Antonia hataolewa na gauni la kuazima. La parokia limevaliwa na nusu ya maharusi wa hapa, na pindo limegeuka rangi ya udongo wetu. Anataka jipya. Madukani hakuna hata sabuni, seuze gauni! Ndoa yetu ni Jumamosi, Machi 3. Ikipita hiyo inaingia Kwaresima, na padre hafungishi ndoa mpaka Pasaka ipite. Muda wote huo Inosenti, dereva wa lori, aliyemposa Antonia kabla yangu akakataliwa, atakuwa anazungukazunguka.

Lakini mimi nina akili. Kenya magauni yamejaa, na redio ilitangaza mwaka jana kwamba mpaka umefunguliwa. Usafiri ninao: pikipiki ya shemeji Clemensi, bwana mifugo, mume wa dada Marsela. Yuko kozini Morogoro, na kabla ya kuondoka aliilaza kwangu niitunze. Kwetu mtu akilaza ng'ombe kwako, ndama ni wa mwenyewe, maziwa ni ya mtunzaji. Pikipiki haina maziwa, ina safari. Basi safari ni zangu!

Alhamisi, 16 Februari
Inosenti amenipa lifti. Lori lake linapeleka mahindi Loliondo, na pikipiki tuliipandisha juu ya magunia. Kukatiza Ngorongoro kwa pikipiki ni kuwapelekea simba chakula. Njiani akauliza kama nina leseni. Nikacheka. Akauliza kadi ya pikipiki, bima, barua ya Clemensi ya kuniruhusu. Nikamwambia Wamasai wanavusha ng'ombe mpaka huo kila siku, na sijasikia ng'ombe aliyeulizwa bima. Akanyamaza mpaka Loliondo. Nimemshinda kwa hoja!

Ijumaa, 17 Februari
Nimevuka! Hakuna aliyenisimamisha, labda mbuzi. Katika mji wa kwanza nikapata gauni. Jeupe, mabega yamejaa, lesi mpaka chini. Nikavua kava la ngozi la kiti cha pikipiki nikalifungia gauni, vumbi lisiliguse. Fikra safi kabisa.

Natoka dukani, askari anatazama namba za Tanzania. Akauliza pikipiki ni ya nani. Nikafikiri haraka. Nikisema ni ya shemeji, ataniuliza kama shemeji anajua, na shemeji hajui, kwa hiyo mimi ni mwizi. Mtu haibi chake. Nikasema ni yangu, jina langu Clemensi. Akaandika Clemensi. Halafu akaomba leseni.

Ijumaa, 24 Februari
Jumanne nilifikishwa mahakamani. Kuendesha bila leseni. Kuendesha bila bima inayokubalika nchini humo. Kuingiza chombo cha moto bila kupita forodhani. Kumbe bima ya Clemensi inaishia mpakani! Nani anajua mambo haya? Nilimweleza hakimu habari ya ng'ombe na maziwa, kwa kirefu, bila kumtaja shemeji. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema hata huyo ng'ombe nisingemvusha nchi nyingine kwenda kumkamulia huko.

Faini sina. Nimehukumiwa kufyeka nyasi za kituo cha polisi siku nne. Kila asubuhi sajini anaita, Clemensi! Naitika, nafyeka. Mikono imetoka malengelenge. Pikipiki itabaki mpaka Clemensi, yaani mimi, alete kadi. Sijapata kujionea huruma namna hii, na hakuna hata wa kunipa maji.

Jumapili, 26 Februari
Nimerudi nyumbani na lori la Inosenti. Hakuniuliza pikipiki iko wapi. Hilo limeniuma kuliko nyasi zote.

Mama Hyasinta alilinusa gauni akauliza kama binti yake anaolewa au anawashwa moto. Kava lilikuwa limelowa petroli, na lesi imeshika harufu yote. Ameagiza la parokia lifuliwe. La parokia! Antonia hakucheka. Alisema yeye hakuniomba gauni, aliniomba niwepo kwenye mafundisho ya ndoa.

Clemensi amerudi jana kutoka kozini. Hakunipiga. Aliuliza kwa upole, ng'ombe akifia kwa mtunzaji, mtunzaji anamletea mwenyewe nini? Nikasema, ngozi. Akanyoosha mkono. Nikampa kava la kiti.

Kesho anaondoka na kadi yake kuifuata pikipiki. Nilitaka kumwambia habari ile ya jina. Lakini alikuwa na hasira tayari, nikaona nisimwongezee.

Jumatano, 29 Februari
Balaa. Inosenti ameshuka kutoka Loliondo na habari: Clemensi yuko ndani. Kule Clemensi wanamjua, ni mfupi, wamemwona akifyeka. Sasa amekuja mrefu mwenye kadi ya Clemensi, na wao wanaamini ameiiba. Kila akiapa kwamba yeye ndiye, wanamwandikia kosa jingine.

Dada Marsela amekaa uani na mwanawe mdogo mapajani, hanitazami. Nilimsalimia mara mbili. Afadhali angenitukana. Mimi ndiye niliyemfunga mume wa dada yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na nalia ninapoandika.

Antonia amesema niende nikaseme ukweli, hata Jumamosi ikipita. Padre amesema hivyo hivyo. Basi hakuna ndoa mpaka baada ya Pasaka. Nimekwisha.

Alhamisi, 1 Machi
Kumbe Inosenti ni mtu mwema! Nilimdhania vibaya miaka yote hii. Leo amekuja mwenyewe. Amenitafutia nafasi kwenye lori la mwenzake mpaka Loliondo, na ameniazima baiskeli yake ya kumalizia safari. Amesema nisiwe na haraka kurudi, Clemensi kwanza. Yeye atabaki kuwaangalia Antonia na mama yake. Jumamosi atawapeleka kanisani kwa lori wakaniombee, na kwa kuwa gauni la parokia limeshafuliwa, Antonia atalijaribu tu, wasipoteze maji bure. Ameomba hata pete nimwachie, isije ikapotea njiani. Nimemwachia. Ni kutunza tu.

Roho yangu imetulia. Safari hii nimejipanga kisheria. Baiskeli haina kadi, haina bima, haitaki leseni. Nitamtoa Clemensi, tutarudi na pikipiki, na Mama Hyasinta ataona mimi ni mwanamume wa namna gani. Askari wakinisimamisha na kuuliza jina, sitarudia kosa la kujiita Clemensi.

Nitasema naitwa Inosenti.