Thorvald na Springi Iliyoingia Masharubuni

Njooni, wajukuu wa karibu na wa mbali, hata kama chungu kiko motoni! Kitendawili: mwanangu mwembamba, nikimkunja ananyamaza, nikimwachia anatoroka. Hamumjui? Nipeni mji. Mmenipa Kopenhageni? Haya, nimekwenda, nikala mkate mweusi na samaki wa siki, nikarudi na jibu: springi.

Naam, springi nyembamba kama unyoya wa paka ndiyo iliyomtikisa Thorvald Brix, simba wa tupa, jemadari wa grisi, aliyeunda bunduki ya kujijaza risasi yenyewe, zama zile askari wa dunia nzima wakivuta komeo la bunduki kwa mkono kwa kila risasi. Siku ya majaribio, maofisa wakila chakula cha mchana kwenye banda la uwanja wa shabaha, Thorvald aliifungua silaha yake awaonyeshe matumbo yake. Loo! Springi ikaruka kama panzi wa kiyama, ikatua ndani ya masharubu ya Kanali Hvidberg, msitu usiojua kitana.

Maofisa wote waliona. Wote wakainamia samaki wao. Nani auguse uso wa Kanali, mwenye kuikubali au kuikataa bunduki?

“Kidude chako kimekwenda wapi?” Kanali alinguruma, asijue amekibeba. “Nikimaliza sahani hii hujakipata, napanda gari langu la farasi, na sirudi!”

Sahani ilibaki na kipande kimoja.

“Nenda, mume wangu,” Ingeborg, mkewe, alinong’ona, birika la kahawa mkononi. “Jasho lako lote linaning’inia chini ya pua ya yule mzee.”

“Nikifa, nizikeni na tupa yangu!” Thorvald alijibu, akainua glasi ya pombe kali. “Ewe Kanali, nguzo ya ufalme, ngao ya wanyonge! Kwa afya ya mfalme: skål!”

Na huko Kopenhageni, ukiinuliwa glasi hivyo, unamkazia mwenzio macho kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Kuangalia pembeni ni kumtukana. Macho yakashikana kama pembe za mafahali. Mkono wa kushoto wa Thorvald ukapanda, ukavuka kidevu cha Kanali, ukazama msituni.

“Nzi?” Kanali aliuliza, macho hayatikisiki.

“Nzi, Afande.”

“Mkubwa?”

“Ametekwa, Afande.”

“Ahsante sana, kijana.”

Springi ikarudi nyumbani kwake, na bunduki ikanena, pa! pa! pa!, kila kidole kilipobonyeza, komeo halijaguswa na mtu.

“Nzuri mno,” Kanali alisema, akijikuna mdomo. “Askari wataipenda, watamaliza risasi zote. Tumeikataa.”

“Basi wapeni marungu, Afande,” Ingeborg alisema, akimmiminia kahawa. “Hayo hayaishi.”

Bunduki ikalala sandukuni. Lakini semeni, enyi vizazi: ngome ngapi zimevunjwa, miji mingapi imetekwa, na ni nani mwingine aliyevamia masharubu ya Kanali Hvidberg mchana kweupe, akatoka na mateka wake, akashukuriwa?