Mkono wa Mkurugenzi Mkuu

Wananchi watukufu, kuanzia sasa Mamlaka haiwachapii tena barua. Inawaandikia kwa mkono. Mimi, Mkuu wa Kitengo cha Nyaraka, ndiye niliyeisimamia kazi hiyo. Sijivuni, nasema tu.

"Herufi hizi za kuchapa," alisema Mkurugenzi Mkuu, "mtu akiziona anadhani tumemnunia."

Basi tukachukua mwandiko wake, herufi moja moja, tukautia kwenye kompyuta, ukawa fonti. Umelalia kulia kidogo, mikia mirefu, g yake imejikunja kama paka juani. Waraka ukatoka kwa mwandiko huohuo: barua yoyote yenye mwandiko huu imeandikwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, haihitaji sahihi wala mhuri. Mwandiko usiofanana nao umeghushiwa. Fonti ikagawiwa bure hadi kwenye maduka ya fotokopi, maana upendo haufungiwi kabatini.

Barua ya kwanza ilimwendea fundi viatu aliye nje ya geti letu. "Rafiki yangu, hujambo? Watoto hawajambo? Ijumaa asubuhi tunabomoa kibanda chako. Wako akupendaye."

Fundi akaja mbio, ndala mguu mmoja.

"Mzee, miaka kumi na tisa nakula hapo! Nina watoto wanne, niwapeleke wapi?"

"Lakini umeuona mkia wa hiyo g?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nimeuona. Mzuri."

"Sasa unalia nini?"

Nilimwonea huruma, wallahi, ila huruma haina kifungu kwenye waraka. Fundi akajifuta machozi kwa mkono wenye gundi, akaondoka. Nikamwona anaingia duka la fotokopi.

Ijumaa, tingatinga likiwa linanguruma, fundi akamkabidhi dereva barua. "Rafiki yangu, kibanda hiki kisiguswe mpaka kiyama. Wako akupendaye." Dereva akaniita. Nikaikagua g, nikaikagua tena. Barua halali. Tingatinga likazimwa.

Lo, mji una masikio! Kufikia saa sita mchana Mkurugenzi alikuwa amempandisha cheo mfagiaji, amemruhusu karani wa masijala kulala kazini, na amejiuzulu mara mbili, ya pili kwa lugha tamu zaidi. Barua zote nilizipokea nikazifaili.

Akanijia amefura. "Punguani wewe! Sijaandika hata moja!"

"Mzee, kwani mwandiko si wako?"

"Ni wangu!"

"Basi hongera kwa kujiuzulu."

Akaninyang'anya kalamu. Mkono ukimtetemeka kwa hasira, akaandika: *Mimi bado ni Mkurugenzi Mkuu.* Akamtupia mlinzi wa mlangoni karatasi ile.

Mlinzi akaisogeza karibu na waraka uliobandikwa ukutani. Akatazama huku, akatazama kule, hana haraka. Kisha akamshika Mkurugenzi kiwiko, kwa adabu zote.

"Samahani, mzee wangu. Hii umeighushi."