Kumsalimia Mama kwa Ndege

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kiti! Ndege yetu ya utafiti ina viti viwili tu, cha rubani na cha mpimaji. Mpimaji ni mimi. Kazi ni kupita chinichini juu ya mashamba, mstari ulionyooka, huku mrija ulio puani mwa ndege ukipima misukosuko ya hewa na gesi inayotoka ardhini. Mwenzangu, tunamwita Miwani, atabaki chini akichaji betri. Kanipongeza. Lakini nilimwona anavyokikodolea macho kiti changu. Simwamini hata chembe.

Jioni Dada kapiga simu. Mama hajiinui vizuri, anauliza nitakuja lini. Nyumbani si mbali, saa moja kwa pikipiki. Ila nikiondoka hata siku moja, Miwani atakikalia. Nimemwambia Dada asiwe na wasiwasi, nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wenyewe huu. Nimemwambia Bosi kwamba mstari wetu umeyaacha malisho muhimu sana upande wa mashariki, na utafiti utabaki na pengo. Malisho hayo ni ng'ombe wawili wa Baba na uwanja wa nyumba yetu. Bosi kafurahi, kasema sasa ninafikiri kitaalamu. Haya basi!

Nikampigia Mama: kesho asubuhi atoke nje, nitampitia. Akauliza kama nitashuka. Nikamweleza ndege haishuki ovyo, lakini salamu ni salamu. Akasema haya, mwanangu.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwona. Doa jekundu mlangoni, ndilo blanketi lake. Tatizo, ili nisimkose, kawasha moto wa majani mabichi. Tumeingia kwenye moshi wote. Ndege ikarushwarushwa, Rubani akauliza ni mwehu gani anachoma taka saa hizi. Nikasema simjui. Imeniuma kusema hivyo.

Kwenye kompyuta gesi imepanda mpaka juu kabisa. Nikajua nimekwisha. Kumbe Bosi kidogo acheze. Anadhani ardhi ya pale ndiyo inapumua hivyo! Kaagiza tupite kila siku, na Miwani aende kwa pikipiki kuchukua udongo. Akifika tu, atajua pale ni kwetu.

Ijumaa, 7 Juni

Miwani kaenda kuchota udongo, kamkuta mama yangu. Cha ajabu, hakunichongea kwa Bosi. Kaniita pembeni, kaniambia Mama hali yake si nzuri. Akitoka nje ni Dada anambeba. Kaketi naye mchana kutwa. Mama alidhani mimi ndiye nimemtuma. Kisha Miwani akaniambia niende nyumbani, yeye atanishikia kiti, nikirudi nitakikuta.

Atanishikia! Mtu anapitia kwa mama yangu mzazi ili aninyang'anye kiti, na mimi nimkenulie meno? Nimemshukuru kwa shingo upande. Siondoki.

Jumapili, 9 Juni

Hewa imetulia kuliko siku zote. Mrija haujashika msukosuko wowote. Uwanjani hapakuwa na mtu. Nikamwomba Rubani turudi tena, akarudi bila kuuliza. Nikaupungia mkono mlango mtupu. Ukutani imeegeshwa pikipiki ya Miwani. Nikachemka. Siku ya mapumziko yake, na bado yuko kwetu!

Tulipotua simu ikaita. Ni Dada. Mama aliisikia ndege ikija, akaomba ainuliwe. Miwani na Dada wakamshika huku na huku. Tuliporudi mara ya pili alikuwa ameshakata roho.

Nimekaa chini ya bawa nikalia mpaka Rubani akaniletea maji. Nilimpenda sana mama yangu. Nilidhani anajua.

Alhamisi, 13 Juni

Tumemzika jana. Bosi kanipa ruhusa ya wiki nzima. Miwani kasema tena atanishikia kiti, safari hii hata machoni hakunitazama. Dada anasema Baba hataki kula, hazungumzi, kutwa anakaa mlangoni. Nikakae naye siku chache tu. Nikaanza kufunga begi.

Lakini nimetuliza akili. Wiki nzima ni kumpa Miwani kiti kwa mikono yangu mwenyewe. Ruhusa nimeikataa. Na Baba sijamsahau, mtu asiseme. Mstari wetu nikiusogeza kidogo tu, utapita sawasawa juu ya mlango anapokaa. Bosi nitamwambia pale pana miti inayovuruga upepo, atakubali.

Nimempigia Baba. Nimemwambia kesho asubuhi atazame juu. Kaniuliza nitafika saa ngapi, ili Dada anipikie.

Nimemwambia saa mbili na nusu, kama hakuna mawingu.