Kikapu Changu cha Mbio za Shukrani

Jumatatu, 14 Februari 1955. Kasongo.

Mbio za shukrani ni Jumapili. Mpunga umevunwa, Kwaresima iko karibu, na kila jamaa itatoa mkimbiaji mmoja, kikapu cha mpunga mpya kichwani, kutoka sokoni mpaka kanisani. Mwaka jana nilifika wa mwisho. Mwaka juzi vilevile. Nilikuta watu wameshakula.

Mwaka huu haiwezekani. Nimemposa Régina. Baba yake, Mzee Pierre, amesema atanijibu Jumapili, akishaona kikapu changu kanisani. Maana iko wazi: anataka mkwe mshindi. Na Hippolyte, mwalimu wa shule, naye anamtaka Régina. Ana miguu mirefu isiyo na sababu.

Jumatano, 16 Februari.

Nimejaribu kukimbia na kikapu nyuma ya nyumba. Hatua mia mbili, shingo ikaingia mabegani. Kumbe tatizo si miguu yangu. Ni mpunga.

Nimekwenda kwa jirani, Mama Fatuma, anayetwanga mpunga wa nusu ya mtaa. Nikaomba makapi. Akauliza kama nimeanza kufuga kuku. Nikasema iko mipango. Akasema mipango haitagi mayai, lakini akanijazia kikapu.

Mimi ni karani wa mizani. Msimu mzima nawarudisha wakulima wanaochanganya makapi na mpunga. Lakini wale wanauza. Mimi natoa sadaka. Ni mambo mawili tofauti.

Ijumaa, 18 Februari.

Kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kamba. Chepesi mno! Nimekimbia mpaka sokoni na kurudi bila jasho. Hapo ndipo penye kasoro: lazima nionekane nimelemewa. Nimefanya mazoezi ya kuguna. Alimasi, muuza chumvi wa mlango wa pili, akatoka kuuliza kama ni tumbo.

Hippolyte amepita jioni. Akataka kujua kama waniwekee chakula mapema, kisiishe. Nikamwambia anayecheka mwisho ndiye anayecheka sana. Yeye amejaza mpunga mpaka jani halifuniki. Mpumbavu.

Jumapili, 20 Februari.

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda. Nilimwacha Hippolyte kwenye kilima, nikiguna vizuri sana. Mzee Pierre alinipokea kwa mikono miwili. Padre akabariki kikapu.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe iko mila: kila jamaa huchota konzi moja kwenye kikapu cha mshindi, wakachanganye na mbegu za msimu ujao, ziote vizuri. Sijawahi kufika mapema nikaiona. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa kila mtu anaijua.

Mzee Pierre ndiye mkubwa, akachota wa kwanza. Akatazama kiganja. Akapuliza. Hakikubaki kitu. Watu wakahamia kwenye kikapu cha Hippolyte, na mimi nikabaki nimesimama na makapi kwenye nyusi. Aibu niliyoipata sina pa kuiweka.

Jumatatu, 21 Februari.

Asubuhi amekuja Mado, dada yake Régina. Jibu ni hapana. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya Hippolyte. Akasema Hippolyte hata hakufikiriwa. Régina alikuwa amenikubali mimi tangu Noeli. Baba yao alitaka tu kuona kikapu kimejaa, hata kikifika cha mwisho, maana mwaka jana na mwaka juzi aliniona nafika nyuma ya wote bila kumwaga punje, akanipenda kwa hilo.

Imeniuma. Nimekaa kizingitini mpaka uji ukaganda.

Kisha Padre ameniita. Adhabu: kulima shamba la misheni kila asubuhi mpaka Pasaka. Majembe yao ni mazito kupita kiasi. Lakini Régina hupita pale akienda kuteka maji, na Mzee Pierre ataambiwa na bintiye alichokiona. Lazima aone mwanaume anayefanya kazi.

Nimepata kipande cha mti mwepesi. Nachonga jembe. Nikilipaka masizi, kwa mbali ni chuma kabisa.