Jina la Arlys kwenye Bima Yangu

Jumapili, 4 Oktoba 2009

Nimemwona kwa macho yangu! Arlys, mke wangu (wa zamani, haya, miaka kumi na miwili sasa), anacheza polka na Duane Pospisil kwenye ukumbi wa Wacheki. Duane! Muuza mashua mwenye meno mengi kuliko adabu. Kamzungusha mara nne. Mimi ndiye niliyemfundisha Arlys kuzunguka, mwaka 1971, jikoni, tumevaa soksi, redio juu ya friji. Nikala soseji mbili kwa hasira, nikaondoka bila kuaga.

Njiani likanijia. Bima! Miaka thelathini na moja nimefungua na kufunga malango ya mto Mississippi ili matishari yapite, na serikali imenikatia bima ya maisha. Siku nikifa, yote ni ya Arlys. Hakimu wa talaka aliamuru hivyo. Na cha Arlys kitakuwa cha Duane. Yaani nife mimi, Duane aongeze mashua? Thubutu!

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimemuuliza Lowell, mwenzangu wa zamu. Ameachika mara mbili, sheria anazijua kuliko wakili. Akasema amri ya mahakama ina nguvu iwapo tu nakala yenye muhuri ilifika ofisi ya utumishi mtu akiwa hai. Kama haikufika, wanafuata fomu uliyojaza mwenyewe.

Basi! Najaza fomu mpya, namwandika dada yangu Berdine wa Omaha. Mashahidi wawili wanatakiwa. Lowell kakubali kuwa mmoja, kwa sharti nimwonyeshe pale ninapovulia kambare. Mnyonyaji. Kisha akaniuliza kama nina hakika hakuna aliyeipeleka ile nakala. Nikamwambia nani aipeleke? Arlys ofisi za serikali hazipendi, anasema zina harufu ya zulia bichi.

Jumanne, 6 Oktoba

Imepelekwa!

Bi Tollefson wa utumishi kafungua faili langu, nayo hiyo hapo, muhuri na kila kitu. Imepokelewa siku ileile ya talaka. Nikafoka, nikataka kujua ni kiherehere gani aliyeileta. Bi Tollefson akafunua ukurasa wa nyuma, akanisogezea. Karatasi ndogo, mwandiko wangu mimi.

Nainakili hapa ili nijiadhibu: “Bwana Ofisa, leo nimeachana na mke wangu. Hiki ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa. Nikija siku moja na hasira nikataka kukibadilisha, msinisikilize. Siku hiyo nitakuwa mjinga.”

Bi Tollefson kanitazama juu ya miwani. Akauliza kwa upole kama leo ndiyo siku hiyo.

Nikakaa ndani ya gari muda mrefu. Nimeikumbuka siku ile yote. Gari lake lilikataa kuwaka, kwa hiyo tulikwenda kuachana kwenye gari langu. Hakimu alipomaliza tulikula pai ya tufaha, sahani moja, uma mbili, maana ndivyo tulivyozoea. Halafu nikapita ofisini, yeye akanisubiri garini, kaishika kofia yangu magotini isijikunje. Sikumwambia nimepeleka nini. Nilimpenda sana siku ile. Kosa lilikuwa langu, nakiri hapa tu. Hakuna mwanamke anayeweza kuvumilia minyoo ya chambo elfu arobaini niliyoifuga chini ya nyumba yake, hasa ikishatoroka.

Jumatano, 7 Oktoba

Yatosha kulia. Bi Tollefson alisema njia ipo moja: Arlys mwenyewe aridhie kwa maandishi. Fomu ya kuridhia ninayo mfukoni. Kumwomba? Hapana. Kila Ijumaa kanisani kuna samaki wa kukaanga, na watu husaini orodha ya nani ataleta chakula gani wiki ijayo. Nitaibandika fomu chini ya orodha, nimwonyeshe pa kusaini tu. Akili kama yangu inapotea bure kwenye malango ya mto.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nilisahau. Arlys alikuwa karani wa shule miaka ishirini na sita. Anasoma hata maandishi ya kwenye kopo la njegere.

Alivaa miwani. Akasoma orodha. Akageuza. Kisha, mbele ya meza nzima, akauliza: “Verlyn, hiki ‘naridhia kuondolewa’ ni chakula gani? Kinaiva kwa oveni au sufuriani?”

Lowell kacheka mpaka samaki akampalia. Duane naye, meno yote nje. Nikatamani ardhi ipasuke.

Nilitegemea anirushie bakuli la kabichi. Wapi! Kanivuta pembeni karibu na mashine ya kahawa, akasema ungeniomba tu, mwanamume wewe, mimi si mtu wa kugombea kaburi lako. Akaomba kalamu. Akasaini. Mwandiko uleule, ile A yake yenye mkia. Akauliza nani ataandikwa, nikamwambia Berdine. Akasema nimsalimie. Halafu akanifungashia samaki vipande vitatu na kachumbari ya tango, akasema nimekonda.

Nimeshinda. Mbona samaki sijawafungua?

Jumamosi, 10 Oktoba

Zamu ya mchana. Matishari mawili tu. Zamani Jumamosi Arlys alikuwa anakuja na kiti chake cha kukunja, anakaa kando ya uzio, anawapungia mabaharia, nao wanampigia honi. Alama za miguu ya kile kiti zilikaa kwenye nyasi miaka. Leo nimekwenda kuzitafuta. Hazipo.

Ile amri ya hakimu ndiyo iliyokuwa imebaki kati yetu. Watoto hatukujaliwa, nyumba tuliuza, mbwa alikufa. Nami nimeikata kwa kalamu ya kuazima, kwa sababu ya polka. Naumia, na hakuna wa kumwambia.

Jumatatu, 12 Oktoba

Nimekwenda ofisini na fomu zangu. Imefungwa! Sikukuu ya serikali. Miaka thelathini na moja naitumikia serikali hii, na leo nimebisha mlango wake siku ya mapumziko kama mgeni. Mfagiaji kanipungia mkono kupitia kioo.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimekwenda tena, na Lowell ananung'unika kwamba nampotezea siku. Fomu ya kuridhia ikapokelewa. Fomu mpya ikawekwa mbele yangu, pale penye jina la mnufaika. Nikaandika: Arlys.

Bi Tollefson akasema, Bwana Hoekstra, huyu ndiye aliyekuwamo. Nikamjibu najua, ila mara ile aliyemweka ni hakimu, leo namweka mimi. Akaniangalia kidogo, akasaini kama shahidi wa pili, akanipa peremende. Lowell akasema nina wazimu, na kwamba kambare anawataka vilevile.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nimeoka viazi. Kisha, nikiwa na uma mkononi, nikagundua kasoro. Arlys atajua lini? Nikishakufa! Na siku hiyo nani atakuwa karibu amfute machozi? Duane!

Haiwezekani. Lazima ajue kabla, lakini nisimwambie mimi. Nimewaza, nimepata. Ijumaa nitaugua. Si sana, kiasi cha kumtia wasiwasi aanze kuulizauliza, na Lowell ataropoka kama kawaida yake. Nimejaribu kikohozi mbele ya kioo. Cha kwanza na cha pili vibaya. Cha tatu kizuri mno, mbwa wa jirani kaniitikia.

Kanisani nitakaa meza ya karibu na mlango, kwenye upepo, na samaki wangu sitammaliza. Mpango huu hauna tundu hata moja.