Sindano ya Gelle Jokofuni

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bismillahi. Nimetoka kumzuru Haji Gelle, ambaye msikitini hukaa ubavuni mwangu akiimezea mate nafasi yangu nyuma ya imamu. Ugonjwa wetu ni mmoja: vidonda vya utumbo mpana. Daktari wetu ni mmoja, binti Bishara. Lakini mimi napewa vidonge, na Gelle sasa anapewa sindano! Sindano inayokaa jokofuni, kando ya maziwa ya ngamia. Wageni hufunguliwa jokofu kabla ya chai. Wengine wametoka mji wa mbali, Habaswein, kuitazama.

Kwetu wafugaji jambo hili lina maana. Mbuzi hunyweshwa dawa. Ngamia wa thamani ndiye huchomwa sindano. Basi mimi ni mbuzi?

Maulamaa wamepambanua hasadi, yaani kutaka mwenzako apokonywe neema, na ghibta, yaani kutamani tu mfano wake. Yangu ni ghibta.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekwenda kliniki kuomba sindano. Bishara akasema, "Adeer, ami yangu, tumbo lako limetulia. Sindano ni ya yule ambaye vidonge vimemshinda." Siku hizi, akaongeza, hawangoji mgonjwa wa namna hiyo adhoofike ndipo wamwandikie. Nikauliza: na vyangu vikinishinda? Akasema hapo tutazungumza.

Tutazungumza! Mola amefungua mlango.

Vidonge vya jioni nimevitia ndani ya kichomeo cha ubani kilichovunjika. Sikusema uongo. Sikuulizwa.

Ijumaa, 24 Oktoba
Tumbo limeitika! Maumivu, damu, mbio za chooni. Nilifurahi hadi adhuhuri. Katikati ya hotuba nililazimika kuruka mabega ya waumini kutoka nje. Niliporudi, nyuma ya imamu alikuwa amekaa Gelle, mwenye afya tele.

Baada ya sala alinishika mkono mbele ya watu. "Pole, ndugu yangu. Wewe kaa karibu na mlango, ndipo salama kwako."

Wakacheka. Ndani ya msikiti!

Jumatatu, 27 Oktoba
Hinda, mke wangu, alikichukua kile kichomeo ili akitupe. Vidonge vikamwagika uani. Akatangaza mbele ya majirani kwamba hata mbuzi akipewa dawa ya minyoo humeza. Kisha akanisindikiza kliniki na kueleza yote, pamoja na yale ambayo hakuulizwa.

Bishara hakufoka. Aliuliza kwa upole kama nataka kukatwa utumbo. Amenirudisha kwenye vidonge vyangu vya zamani, akaongeza vya steroidi vya kutuliza uvimbe. Vya muda tu, alisisitiza: zamani watu waliachwa navyo mno, madhara yakawa mengi; sasa hupunguzwa mapema.

Vidonge juu ya vidonge. Mbuzi mara mbili.

Ijumaa, 28 Novemba
Alhamdulillahi, damu imekoma. Tena, mashavu yamejaa! Uso umeviringika kama wa tajiri wa ngamia. Bishara anayaita madhara ya dawa. Wazee wanayaita baraka. Shuaib, dalali wa soko la mifugo, ameniuliza ninakula kwa nani.

Leo Gelle hakuisikiliza hotuba. Alikuwa akigeuka nyuma kunitazama. Baada ya sala akanivuta kando. "Ndugu yangu, wewe unapewa nini?"

Nikamjibu kwamba ni vidonge tu, nikageuza uso ili auone na kwa ubavuni. Akasema nimtajie dawa, naye atanirudishia nafasi yangu nyuma ya imamu. Jicho lile nililitambua mara moja. Hiyo si ghibta. Ni hasadi tupu! Nimemwombea msamaha.

Dawa sikuitaja. Nafasi abaki nayo. Mlangoni kila mtu hunipita, na mashavu huonekana vizuri zaidi.

Jumatatu Bishara anamaliza kuniondolea vile vya steroidi. Nitamwambia tumbo bado linauma. Hinda sitamchukua.