Mwanafunzi Anayetulazimisha Kufundisha

Mwalimu wa Darasa la Nne,
Shule yetu ya msingi,
Mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Hombolo.
6 Desemba 1993

Afisa Elimu wa Wilaya,
Dodoma.

Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu (nitamwonyesha ikishafika kwako)

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWANAFUNZI YUDITH, ASIYEONA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo, na pole na majukumu.

Nimefundisha miaka kumi na saba bila kuandika barua hata moja ya kulalamika, hata ule muhula tuliomaliza bila chaki. Lakini sasa maji yamezidi unga, nami si mtu wa kufa na tai shingoni.

Kwanza nieleweke. Mimi ni muumini wa elimu kwa wote. Nilihudhuria semina yake mjini siku mbili, nikala pilau, nikapewa na kalamu. Ila "wote" niliowaelewa mimi ni wale watoto sitini na mmoja wanaokaa kimya wakinakili. Januari mwaka huu Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Thomas, alimwandikisha Yudith, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye haoni tangu azaliwe. Mama yake alimleta siku ambayo mimi nilikuwa kwenye shamba langu la zabibu. Mwalimu Mkuu akamuuliza kwa mdomo maswali ya darasa la tatu, mtoto akayajibu yote, akasema amejifunza kwenye redio. Akawekwa darasani kwangu bila mimi kuulizwa. Madhara yake ni haya yafuatayo:

1. Utaratibu wa ubao umekufa. Kwa kawaida nilikuwa nampa kiranja wa darasa, Masudi, daftari langu la notisi, yeye anaziandika ubaoni, wenzake wananakili, nami napata nafasi ya kwenda kuangalia mizabibu yangu, kwa sababu soko huria halimsubiri mwalimu. Siku ya kwanza tu Yudith akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hapo ubaoni pameandikwa nini?" Nikamjibu pameandikwa somo. Akauliza somo linasemaje. Ndugu Afisa, ilibidi nisome. Kwa sauti. Mpaka mwisho. Na nilipomaliza, wale wengine sitini na mmoja nao wakaanza kuuliza maana ya nilichosoma, jambo ambalo hawakuwahi kunifanyia. Tangu siku hiyo sijatoka darasani kabla ya kengele. Zabibu za msimu wa Agosti zimeliwa na ndege, tena kwa raha zao.

2. Historia ya nchi imevurugika. Daftari nililolitaja nililiandika mwaka 1977, na baadhi ya tarakimu zilifutika, viranja waliopita wakazijazia kwa hisani yao. Niliposoma kwa sauti kwamba tulipata uhuru mwaka 1691, Yudith akacheka. Darasa zima likacheka, hata waliokuwa wameshanakili na kupigia mstari kwa rula. Kwa miaka mingi watoto wameandika hivyo, nimewapa vema, na hapakuwa na ugomvi na mtu. Sasa kaka zao, ambao pia walikuwa wanafunzi wangu, wananisimamisha njiani kudai niwasahihishie madaftari yao ya zamani.

3. Usalama wa walimu uko mashakani. Mtoto huyu anamtambua kila mwalimu kwa mwendo wake. Mkaguzi alipokuja mwezi Mei, Mwalimu Frida alimweleza kwa heshima zote kwamba Mwalimu Erick yuko nyuma ya darasa anakagua bustani. Yudith, akidhani anasaidia, akasema hapana, Mwalimu Erick ameondoka saa tatu kwa baiskeli, na mnyororo wake unahitaji mafuta. Mwalimu Erick ameandikiwa barua ya kujieleza. Mnyororo ameutia mafuta, na bado anasikika.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Mzee Zablon, baada ya kusikia habari za Yudith, amemtoa nje mjukuu wake Anitha, ambaye miguu yake haifanyi kazi na ambaye miaka tisa amekaa ndani, nyuma ya kihenge cha mtama. Nilijua kwamba yupo. Kijiji kizima kilijua, na tulipopita pale tulikuwa tunawaamkia wakubwa tu, tunaendelea na safari. Sasa Anitha analetwa shuleni kwa toroli. Wazazi wakaja siku ya Jumamosi, wakavunja ngazi zetu tatu za mbele na kushindilia mteremko wa mawe na udongo. Je, wamefikiria athari? Zamani mkaguzi alikuwa anashuka kwenye baiskeli, anaiegesha, anapanda ngazi, nasi tunapata muda wa kuamka. Sasa anaingia na baiskeli mpaka mlangoni. Mbuzi nao wameona njia. Zaidi ya hayo, watoto wanagombea zamu ya kusukuma toroli, kwa hiyo saa moja kasoro wote wameshafika na kutusubiri. Hili la wanafunzi sitini kumsubiri mwalimu linatia aibu, na ningependa ofisi yako ilitolee mwongozo.

5. Matokeo yametisha. Mwaka jana walifaulu mtihani wa darasa la nne watoto kumi na wanne, waliobaki wakakariri darasa kwa amani. Mwaka huu wamefaulu hamsini na saba. Darasa la tano lina madawati yanayotosha watoto ishirini! Mwalimu Frida, anayewapokea, ameshaomba likizo, kwani amesikia kwamba wanauliza maswali. Na wakifika darasa la saba wakafaulu hivi hivi, wilaya itawapeleka sekondari ipi? Itabidi mjenge. Mkishajenga, itabidi mtafute walimu, na walimu hao nao watalazimika kusoma ubao kwa sauti. Mtoto mmoja haoni, na serikali nzima inakosa usingizi.

Kwa hoja hizi, naomba Yudith ahamishiwe shule maalumu, ya mbali kiasi cha kutosha, kabla ya muhula wa Januari. Huko atakuwa na wenzake, nasi huku tutabaki na wenzetu. Naahidi kuendelea kuiunga mkono elimu kwa wote katika sherehe zote, pamoja na kubeba bango.

Usidhani nina chuki naye. Ni mtoto mwenye adabu, anamwamkia mtu kabla mtu huyo hajamwona.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia karani wa masjala mpaka mlinzi wa getini, bila kumsahau mkaguzi, ambaye namwomba awe anapiga kengele ya baiskeli akifika kwenye mteremko.

Wako katika kulijenga taifa, na siku hizi katika kulisomea kwa sauti,

Mwl. Silvano Yotham

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku nne. Fomu ya uhamisho niliijaza yote, ikabaki sehemu ya mzazi. Nilimpelekea mama wa mtoto, Edina, akaisoma, akanirudishia pamoja na kalamu. Jana Yudith akaisikia ikichakacha mkononi mwangu, akauliza ni karatasi gani. Nikamsomea, maana nimeshazoea. Akauliza kama huko mbali yupo wa kumsomea ubao, au tutakwenda wote. Ndugu Afisa, kwa miaka kumi na mmoja nilimwambia mama yake kwamba mimi ni mwalimu, ninamjua mtoto wa kusoma na asiye wa kusoma. Nilikosea, na naona haya. Malalamiko yangu naomba yabaki kwenye faili, yote ni ya kweli, ila ombi nalifuta. Badala ya uhamisho tuletee karatasi za nukta nundu na mtu wa kutufundisha kuzisoma, sote wawili. Fomu nairudisha bila saini. Mzazi amekataa. Jina kamili la mtoto, kwa kumbukumbu zako, ni Yudith Silvano.